Kabla hujanunua pikapu ya stima, pima mlima wako

Kila nikisimama Njoro kununua mahindi ya kuchoma, hakosi mtu wa kulizunguka gari langu, ainame nyuma kutafuta ekzosi, kisha aulize swali lile lile: "Mama, hii inaenda kilomita ngapi?" Siku hizi namjibu kwa swali. Kwenda wapi, na imebeba nini? Wengi hudhani ninawakwepa, lakini hilo ndilo jibu la kweli nililo nalo.

Nina duka la pembejeo hapa Nakuru. Siku mbili kwa wiki tunapandisha mbolea na chakula cha ng'ombe Mau Narok, siku nyingine ni Rongai, Subukia au Molo, na gari halirudi tupu, linarudi na viazi. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi kwa pikapu ya dizeli. Hii ya stima nimekaa nayo mwaka mmoja na miezi minne, na ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu anikalishe chini aniambie kabla sijatoa pesa.

Muuzaji alinitajia kilomita 300 na ushei. Hakunidanganya, ndivyo karatasi za kiwandani zinavyosema. Ila karatasi hizo hazijawahi kupanda Mau na tani moja mgongoni. Betri yangu inabeba uniti 80 hivi, na uniti ni zile zile za tokeni, hakuna uchawi mwingine. Nikitoka Nakuru na asilimia 90, nyuma kuna mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50, nafika Mau Narok na 61. Hiyo ni safari ya kilomita hamsini hivi. Jioni nikirudi na viazi vya uzito ule ule, natoka kule na 61, nafika nyumbani na 52. Kupanda kumekula 29, kushuka kumekula 9, na barabara ni moja.

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Mau Narok iko karibu mita 1,000 zaidi. Gari na mzigo wake ni kama tani tatu na nusu. Kuuinua uzito huo mpaka kule juu peke yake hudai uniti 9 au 10, mbali na zile za kusukuma magurudumu na kupasua upepo. Ukishuka, mota inageuka jenereta, inalishika gari lisikimbie na huku inarudisha betrini sehemu ya ulicholipa. Narudia, sehemu. Kwa hiyo kabla hujaenda kwa muuzaji yeyote, fungua ramani kwenye simu, tafuta mwinuko wa pale unapoanzia na pale unapokwenda, chukua safari yako ndefu kuliko zote, yenye mzigo mzito kuliko wote, na uone kama betri inaifanya kwenda na kurudi na bado ibaki robo. Ikishindwa kwenye karatasi, haitaweza kwenye matope.

Na kwenye mzigo usijidanganye. Sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, sote tunaijua. Dereva wangu alikuwa anahesabu magunia, mimi nahesabu kilo, na betri inahesabu kivyake. Pikapu ya dizeli ilikuwa ikizidishiwa inanguruma kidogo na kunywa kimyakimya, unakuja kujua mwisho wa mwezi. Hii inakuonyesha palepale kwenye skrini. Tulinunua mizani.

Sasa nieleze kosa langu la Mau Narok, kwa sababu sijasikia muuzaji hata mmoja akimwonya mteja. Mvua ilitukuta huko juu, barabara ya kuingia shambani ikawa uji, tukalala kwa mteja wetu wa siku nyingi. Mzee akaniambia, "Mama wa mbolea, chomeka gari hapo jikoni, stima ni ya Mungu." Nikamjibu, "Mzee, stima ni ya tokeni," nikamwachia elfu moja, tukacheka. Asubuhi skrini ilisoma 100. Nilifurahi kama mjinga. Tukapakia viazi, tukaanza kushuka.

Kwa kawaida, nikiinua mguu kwenye mafuta (bado naita mafuta, sijapata neno lingine) gari linajishika lenyewe, breki naigusa mara chache. Asubuhi ile niliinua mguu na gari likaenda zake. Betri iliyojaa haina pa kuiweka stima inayorudi, kama mtungi uliojaa hadi mdomoni, kwa hiyo gari huzima ule mshiko wa mota na kukuachia breki za kawaida peke yake. Tani moja ya viazi ikawa inanisukuma mgongoni. Kona ya tatu au ya nne dereva wangu, aliyekuwa ameketi kando yangu, akanusa hewa, akaniambia taratibu, "Mama, tusimame." Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa harufu ya breki zinazoungua. Tulikaa kando ya barabara nusu saa tukila mkate mkavu, halafu tukashuka kwa mwendo wa punda. Tangu siku hiyo, nikichaji juu ya mlima sizidishi 80.

Tuje nyumbani. Watu huuliza vituo vya kuchajia viko wapi, kana kwamba pikapu ni simu ya kuazimia chaja. Ukiwa mfanyabiashara, kituo chako ni ukuta wako. Mimi wiki tatu za kwanza nilitumia soketi ya kawaida na waya wa kuongezea, ule tunaochomekea televisheni na redio. Usiku mmoja nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi, na ukiigusa inakuunguza. Soketi ya nyumbani haikuundwa kubeba mzigo mkubwa saa kumi mfululizo. Inavumilia birika kwa dakika tano, basi.

Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na umwombe aionyeshe, usione haya. Wangu alivuta laini ya peke yake kutoka kwenye boksi la mita, waya wa milimita za mraba 6, swichi yake ya ampea 32, na akapigilia fimbo mpya ya ardhi, ile ya kupeleka ardhini stima inayovuja, kwa sababu ya zamani ilikuwa ya kutu tupu. Sasa napata uniti 7 kwa saa. Gari likianza kuchaji saa nne usiku na 40, alfajiri niko 90 na zaidi. Jambo moja hakuniambia, nikaligundua mwenyewe: shawa ya maji moto, birika na gari vikiwaka pamoja, swichi kubwa inaruka. Binti yangu alibaki na sabuni usoni gizani, na maneno aliyonirushia kupitia mlango wa bafu siyaandiki hapa. Gari nimelipangia kuanza kunywa saa nne usiku, watu wakiwa wamelala.

Saa nne ina faida nyingine. Aprili 2023 iliwekwa bei maalumu ya stima ya kuchaji magari, wakati huo ikiwa Ksh 16 kwa uniti wakati wa kawaida na Ksh 8 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kodi na tozo. Lakini hiyo ni ya mita ya peke yake, haiji tu kwenye mita ya nyumba. Ukichaji kwa mita ya nyumba, ujue utavuka uniti 100 kwa mwezi mapema sana, na hapo unahamia bei ya juu na kila taa ya nyumba inakwenda nawe. Usiku, hapa kaunti yetu ya Nakuru, mvuke wa ardhini wa Olkaria, ule unaozalisha stima, unaendelea kupanda hata wananchi wakizima taa, ndiyo maana stima ya saa hizo wanaiuza rahisi.

Hesabu yangu ya mita ya nyumba, bila kupamba. Safari ya Mau Narok kwenda na kurudi hutoa kama uniti 33 kwenye mita, kwa kuwa nyingine hupotea njiani kama joto. Tokeni za elfu moja, zaidi au pungufu kidogo. Pikapu yangu ya zamani ilikuwa inakunywa lita 11 safari hiyo, na dizeli ikiwa zaidi ya Ksh 160 kwa lita, unafika 1,800. Nusu, basi. Anayekuambia ni moja ya kumi anakuuzia kitu. Huduma ndiyo nafuu kubwa zaidi: hakuna oili ya injini, hakuna filta ya dizeli, na tarehe 14 ya mwezi, EPRA ikitangaza bei za mafuta, nami naendelea kunywa chai. Ila matairi huisha upesi kuliko nilivyozoea. Gari ni zito hata likiwa tupu, na mota inapiga nguvu mara moja, hasa dereva akiwa kijana.

Kuhusu kununua kwenyewe. Zile pikapu za Marekani mnazoziona kwenye video, Ford F-150 Lightning, Rivian R1T, Tesla Cybertruck, zimeundwa usukani ukiwa kushoto, na Kenya tunataka kulia. Sahau. Gari lililotumika pia halitakiwi kuwa limezidi miaka 8. Zilizoundwa na usukani wa kulia zipo, kama LDV eT60 iliyouzwa Australia, Riddara RD6 iliyouzwa Thailand, na Isuzu D-Max ya umeme. Angalia mdomo wa kuchajia: gari lililotengenezewa soko la China huwa na mdomo wa GB/T, la Ulaya au Australia huwa na CCS2. Nyumbani tofauti hiyo utaitatua kwa chaja sahihi, lakini kwenye kituo cha barabarani mdomo usioingia hauna mjadala.

Yangu niliinunua ikiwa imetumika. Muuzaji, ambaye sitamtaja, aliapa betri iko asilimia 95 ya upya wake. Nilikwenda na kijana mwenye kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma kwenye simu. Kikasoma 88. Muuzaji akasema kifaa ni kibovu. Nikamwambia sawa, tuletewe kingine. Hakukuwa na haja, bei ikashuka palepale. Usinunue bila kifaa hicho, na usiihesabu ile waranti ya miaka 8 ya betri mnayosoma mtandaoni kama gari lililetwa na mtu binafsi. Uliza nani hapa Kenya ataweka sahihi, na kama hakuna, punguza hiyo thamani kwenye bei. Bima nayo uiulizie kabla ya kulipa, mimi kampuni mbili zilinizungusha wiki nzima.

Kuna betri nyingine ndogo, ya volti 12, kama ya gari lolote. Hiyo ikifa, betri kubwa yenye uniti 80 inakaa hapo kama jiwe na mlango haufunguki kwa rimoti. Ilinitokea mbele ya duka, asubuhi ya msimu wa kupanda, foleni ya wakulima ikitazama. Vijana wakajitolea kuikokota kwa kamba. Nikakataa, na wewe ukatae: magurudumu yanayoendeshwa na mota yakizunguka huku gari likivutwa, unaweza kuiharibu mota. Hubebwa juu ya lori la kitanda. Bahati nzuri, betri ya volti 12 kutoka duka la vipuri jirani ilimaliza kazi kwa dakika ishirini.

Matope sitayaeleza sana. Yangu inaendeshwa na magurudumu ya nyuma tu, na ikiwa tupu kwenye udongo mweusi haina maana. Kama njia zako ni za hivyo mwezi wa nne, tafuta inayovuta kwa yote manne au usinunue.

Kisumu nimekwenda nayo mara moja, kwa hiari yangu, nione. Mzigo mwepesi, kilomita 185 hivi, kupitia Mau Summit na Kericho. Niliondoka na 100 nikafika na 46, kwa kuwa kutoka Mau Summit unateremka zaidi ya mita 1,000 mpaka ziwani. Nyumba ya wageni niliyofikia, mlinzi alikubali nichomeke, kisha saa tano usiku akagonga mlango: "Madam, tokeni zinakimbia. Bosi ataniua." Tulitoka nje kwa tochi, tukasoma mita pamoja, tukaandika namba kwenye karatasi, nikamtumia pesa kwa simu, na nyingine ya soda. Tangu hapo popote ninapolala nasoma mita kabla ya kuchomeka, mwenyeji akiwa kando yangu. Kurudi kulikula 69, kwa gari lisilo na mzigo wa maana. Lingekuwa na tani moja, kupanda kule kuelekea Kericho ningekuwa nazima feni na redio na kusali.

Kwa hiyo ile dizeli sijaiuza. Inakaa chini ya mti nyuma ya duka kwa ajili ya Kisumu, na kwa siku kama ile ya Agosti 2023 nchi nzima ilipolala gizani. Ila dereva wangu nikimtuma nayo siku hizi ananuna, anasema gia zinamchosha mguu.