Springi ya nyuma ya pikipiki imelala: usikubali ipashwe moto, pima kwanza

Mkuu wa Pongwe, nimesoma swali lako. Pikipiki yako ya Boxer imelala nyuma, ukipakia mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) madigadi inagusa tairi, na fundi amekupa njia tatu: azipashe springi moto azivute, achomeke vipande vya mpira katikati ya mizunguko, au ukanunue shokapu mpya (springi pamoja na bomba lake la oili). Umeomba ajibu mtu aliyezishika kwa mikono yake. Mimi ni fundi pikipiki hapa Makorora, Tanga, na ukiacha cheni na breki, shokapu za nyuma ndizo zinazoletwa sana kibandani kwangu. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Moto hapana. Mpira hapana. Na kabla ya kununua, pima, maana inawezekana kabisa springi yako haina kosa.

Nyuma ya pikipiki kuna vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja. Springi inabeba uzito. Bomba la oili lililo ndani yake linaituliza ili isirukeruke. Halafu kuna bushi: za mpira kwenye macho ya shokapu (matundu yanayopitisha bolti), na zile za mkono unaoshika gurudumu. Kikichoka kimoja, dereva anasema springi zimekwisha, anauziwa springi, na tatizo linabaki palepale.

Kwa hiyo fanya hivi. Sukuma siti chini kwa nguvu kisha uachie. Ikipanda na kutulia, oili ipo. Ikirukaruka mara kadhaa kabla ya kutulia, bomba limekufa na springi unaisingizia. Angalia pia fimbo ya shokapu, ile inayong'aa: ukikuta oili imechanganyika na vumbi likawa tope jeusi chini yake, sili (mpira unaozuia oili isivuje) imepasuka. Kisha simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, shika tairi la nyuma ulivute kushoto na kulia. Likicheza, kagua beringi za gurudumu na bushi za mkono. Abiria anayelalamika kwamba pikipiki inayumba kwenye kona mara nyingi anaongelea bushi hizo.

Ukimaliza hapo ndipo uigeukie springi, na hapa chukua futi ya kupimia. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya kati, gurudumu likiwa hewani, pima kutoka nati ya ekseli hadi alama utakayoweka kwenye fremu chini ya siti. Andika. Ishushe, ukae kama unavyokaa barabarani, mwenzako apime tena palepale. Pikipiki zetu hizi gurudumu la nyuma husafiri kama sentimita 8 hadi 11 tu. Ukikaa peke yako inatakiwa ishuke robo, ikizidi sana theluthi ya safari hiyo, yaani sentimita 2 hadi 3 na kidogo. Ikishuka 5 bila abiria, hapo springi imefupika kweli, au mtu aliyekutangulia amefunga shokapu isiyo yake.

Kabla ya kukata tamaa, tazama ile ringi yenye ngazi chini ya springi. Nyingi zina ngazi tano, na nyingi ninazozipokea ziko ngazi ya kwanza tangu zitoke dukani, zimeganda kwa kutu. Pandisha pande zote mbili sawasawa. Ila elewa inachofanya: inainua pikipiki, haiongezi ugumu wa springi. Kama springi imefupika kidogo, ngazi mbili zitakurudishia kimo chako. Kama imefupika sana, utapandisha hadi mwisho na bado madigadi itagusa.

Sasa huo moto. Springi ni waya wa chuma maalumu ambao kiwandani umepitishwa kwenye joto la kipimo ili uwe mgumu na bado uweze kurudi ukikunjwa. Springi nyingi baada ya hapo hubanwa hadi mizunguko igusane, makusudi, ili zifupike zinachopaswa kufupika kabla hazijafika kwako. Fundi anapoichoma kwa gesi hadi iwe nyekundu, ameshavuka nyuzi joto 600, na kile kilichotengenezwa kiwandani kimefutika. Anaivuta, inakuwa ndefu, inapendeza ukiiangalia. Ukiifunga, siku za mwanzo pikipiki imesimama vizuri na unamshukuru. Kisha inaanza kushuka tena, safari hii chini kuliko mwanzo, kwa sababu chuma kimelainika. Na haishuki sawa kushoto na kulia, kwa vile hakuna mtu anayeweza kupasha springi mbili kwa jicho zikatoka mapacha. Pikipiki inaanza kuvuta upande mmoja, abiria yuko nyuma, na dereva hajui kwa nini.

Vipande vya mpira navyo vinaua springi kwa njia nyingine. Mzunguko uliobanwa na mpira hauwezi kufanya kazi, hivyo kazi yake inaenda kwa mizunguko iliyobaki, na waya unaanza kuchoka pale mpira unapoishia. Mpira unashika maji na mchanga, chini yake kutu inakula bila kuonekana. Kazi ya kutu niliiona mwaka jana: mzee mmoja anayebeba samaki kutoka soko la Deep Sea aliniletea Boxer iliyokatika springi ya kulia. Ndoo yake ya samaki huwa upande huohuo, na maji ya chumvi yanadondokea shokapu kila asubuhi. Nilipoitoa nikaishika mahali ilipokatika, nikamwonyesha: upande wa ndani wa mzunguko kulikuwa na doa la kahawia, na sehemu iliyobaki ilikuwa inang'aa kijivu. Doa lile ni ufa wa zamani. Kutu ilichimba kishimo, kishimo kikafungua ufa, ufa ukatembea polepole, na siku alipopita tuta akiwa na mzigo sehemu iliyobaki ikaachia. Springi ikibanwa, waya wake unasokotwa, na msokoto mkali kuliko wote uko kwenye ngozi ya waya, upande wa ndani. Kwa hiyo kikwaruzo kidogo cha ndani ni hatari kuliko rangi yote iliyobanduka nje.

Ndiyo maana kwetu Tanga nasisitiza kutu. Upepo wa bahari unafika hadi Ngamiani, na visima vingi tunavyooshea pikipiki vina maji ya chumvichumvi. Ukiosha, malizia na maji ya bomba yasiyo na chumvi kwenye springi. Springi ikiwa nje, isugue kwa brashi ya waya hadi ndani ya mizunguko. Kutu ya juujuu ikitoka ukaacha chuma kisicho na vishimo, paka rangi nyembamba ya mafuta na uirudishe. Ukiona vishimo vinavyoshika ukucha, usiirudishe, hata kama urefu wake uko sawa. Na tafadhali acheni kupaka oili chafu ya injini kwenye shokapu. Inaozesha mpira wa bushi, na mchanga unaonata kwenye fimbo unaenda kula sili.

Kuna njia nyingine ambayo fundi wako hakukutajia lakini najua itakuja, maana pale stendi ya Muheza wabeba machungwa wanaisifia: kufunga springi nene kutoka kwenye pikipiki ya mizigo. Hesabu yake iko hivi. Ugumu wa springi unakua kwa unene wa waya uliozidishwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 7 ukiubadilisha na wa milimita 8, upana na idadi ya mizunguko ikibaki ileile, ugumu unapanda kwa asilimia 70. Milimita moja tu! Sasa bomba la oili ni lilelile la zamani, lilitengenezwa kutuliza springi laini. Ukipita shimo bila mzigo, springi inarudi kwa kasi ambayo bomba haliwezi kuizuia, na abiria anarushwa. Fikiria abiria huyo ni mama mjamzito unampeleka hospitali ya Bombo. Kukata mzunguko mmoja nako kunaongeza ugumu, na juu ya hapo kunafupisha springi, kwa hiyo hukupata kimo ulichokuwa unakitafuta.

Kama vipimo vimeonyesha springi imefupika, badilisha zote mbili. Usibadilishe moja. Springi peke yake inafaa kununuliwa pale tu bomba lilipo zima kabisa na umeipata ya pikipiki yako hasa. Boxer nyingi zina springi mbili, moja ndani ya nyingine, kwa hiyo hakikisha umepewa zote. Vinginevyo nunua shokapu kamili. Ukienda duka la spea nenda na ya zamani mkononi. Pima katikati ya jicho la juu hadi katikati ya jicho la chini, linganisha, kisha angalia tundu la bolti na upana wa jicho. Muuzaji akikwambia hii imezidi sentimita mbili haina shida, ina shida: pikipiki inainama mbele, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na stendi ya pembeni inashindwa kuiegemeza vizuri.

Kuhusu kufufua bomba lenyewe: yapo yenye kifuniko cha kuzungusha kama nati yanayofunguka, hayo yanabadilishwa sili na oili yakarudi kazini. Mengi ya pikipiki zetu yamefungwa moja kwa moja kiwandani. Wako wanaotoboa, wanajaza oili, halafu wanachomelea tundu. Moto juu ya chombo chenye oili kilichofungwa, na kama ni ile yenye kikopo cha gesi pembeni, presha imo ndani. Sijawahi kuifanya na sitaifanya. Vilevile usitoe springi kwenye shokapu kwa kuikanyaga na bisibisi. Imebanwa pale, ikichomoka inavunja taya. Peleka kwa mwenye kifaa cha kubana.

Kufunga ni kazi rahisi, ila kuna mambo mafundi wengi wanayaruka. Tumia stendi ya kati na uweke tofali chini ya tairi, fungua upande mmoja, funga mpya, ndipo uende wa pili, ili mkono wa gurudumu usidondoke. Bolti zipake grisi kidogo, maana chumvi ya hapa itazigandisha na mwakani utazikata kwa msumeno. Usizikaze hadi mwisho gurudumu likiwa hewani. Shusha pikipiki chini kwanza, mpira wa bushi ukae kwenye nafasi yake ya kazi, ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa hewani mpira unabaki umesokotwa muda wote na unachanika mapema.

Baada ya hapo pima cheni upya, kwa sababu kimo kimebadilika. Mkalishe mtu nyuma, uone bado ina mlegeo kidogo hata pale ilipokaza kuliko pote. Rekebisha na taa ya mbele: nyuma ilipokuwa imelala, taa ilikuwa inaangalia juu, na inawezekana fundi aliwahi kuishusha kufuata hali hiyo. Sasa itakuwa inamulika tairi la mbele, na wewe unarudi Pongwe usiku.

Fanya kipimo cha futi na cha kusukuma siti, uweke majibu hapahapa pamoja na picha ya springi upande wa ndani, zote mbili, na unitajie ringi iko ngazi ya ngapi. Nikiona hivyo nitakwambia ununue nini, au usinunue kitu.