Ngalawa au dau kwa anayeanza?

SWALI: Wahariri, hamjambo. Niko Pangani, naogelea vizuri ila sijawahi kushika usukani. Mimi na shemeji yangu tunatafuta chombo cha tanga cha kutembelea karibu na pwani. Tumeonyeshwa dau la futi 22 lililopakwa rangi mpya, na ngalawa ya futi 16 ambayo rangi yake imebabuka. Bei hazipishani sana. Tuchukue kipi?

JIBU: Ndugu yetu, chukueni ngalawa, mradi gogo lake liwe zima. Matengo yake mawili, yaani mbao zinazoelea ubavuni kila upande, huizuia isilale upepo ukipiga ghafla, na watu wawili mnaweza kuisukuma mpaka majini. Dau tupu linataka farumi, yaani uzito wa kulituliza, kwa kawaida mifuko ya mchanga, na mifuko ikihamia upande mmoja chombo hupinduka. Si kazi ya mgeni wa bahari.

Rangi mpya isiwavute, maana huficha mengi. Hiyo iliyobabuka inawafaa zaidi kwa kuwa mti unaonekana. Dungeni kwa ncha ya kisu omo (mbele), tezi (nyuma), pale mlingoti unaposimama, na kuzunguka kila msumari. Ncha ikizama bila nguvu, mti umeoza. Mkiona bati limepigiliwa, ombeni libanduliwe muone ufa uliofichwa unafika wapi. Kisha tikiseni matengo: kamba zikicheza, zifungwe upya kabla ya safari, kwani tengo likichomoka ngalawa inabaki mtumbwi mwembamba wenye tanga kubwa.

Iacheni ielee. Chombo kilichokaa nchi kavu wiki kadhaa huweza kuvuja mwanzoni, mpaka mbao zinywe maji na kujibana. Siku mbili zikipita na ngama, yaani sakafu ya chombo yanapokusanyika maji, bado inajaa vilevile, msilipe.

Ulizieni pia tanga la pili, dogo. Upepo ukizidi, ndilo mtakalobadilisha. Na kamba ya demani, ile inayovuta pembe ya chini ya tanga, msiifunge kamwe kwa fundo, ishikeni mkononi ili muiachie mara moja. Vyombo vidogo vingi hupinduka kwa sababu ya fundo hilo tu.

SWALI: Tuanze mwezi gani?

JIBU: Oktoba au Novemba, kusi ikiwa imelegea na kaskazi haijashika. Juni na Julai subirini. Mlangoni mwa mto Pangani kuna mafungu ya mchanga, kwa hiyo rudini maji yakijaa. Maji yakitoka, mkondo wa mto huwasukuma nje, na tanga peke yake halitoshi kuushinda.