Nafasi za mafunzo na ufadhili kwa maktaba za mtaani: zinatoka wapi, na mbona huwa zinatupita

Dadangu wa Kayole, umeuliza mawili kwa mpigo. La kwanza, kama ule mtandao wa maktaba za Afrika wenye ofisi Accra unaweza kumsaidia mtu wa ka-maktaba ka chumba kimoja ama ni wa wakubwa wa kupanda ndege tu. La pili, kama uyapokee yale maboksi ya vitabu ambayo msamaria wa ng'ambo amekuahidi. Mimi niko kwa hizi maktaba za jamii huku Eastlands miaka sasa, nitakujibu vile nimeona mwenyewe, si vile tunaambiwa kwa semina.

Mtandao wenyewe ni AfLIA. Ulianzishwa 2013, na ndani yake kuna vyama vya wakutubi, maktaba za taifa, za vyuo na hizi zetu za umma kutoka pande zote za bara. 2019 walifanya mkutano wao hapa hapa Nairobi. Una maana, ndio, ila usiingie ukingoja pesa, juu hapo ndipo watu wengi hukasirika wakatoka. Kwa muda mrefu pesa nono ya maktaba za umma huku kwetu ilikuwa inatoka kwa wakfu wa Bill na Melinda Gates, na ule mpango wao wa maktaba walishaufunga 2018. Ile miradi midogo ya EIFL, lile shirika la Lithuania, iliyosaidia matawi ya maktaba ya taifa kama Kisumu na Kibera, ilikuwa inategemea huo mfuko. Siku hizi unachopata zaidi ni mafunzo, na watu.

Na mafunzo si kitu cha kudharau. Kuna kozi ya AfLIA ya Wikipedia kwa wakutubi wa Afrika, inafanyika mtandaoni, na kuna ile kampeni ya #1Lib1Ref ambayo huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia 15 Januari na tena 15 Mei, alafu wiki ya wakutubi wa Afrika huwa mwishoni mwa Mei. Kazi ya #1Lib1Ref ni rahisi, unatafuta makala ya Wikipedia isiyo na ushahidi unaweka marejeo kutoka kwa kitabu. Sisi tulikaa na vijana wa sekondari, laptopu moja watu wanabanana, tukawa tunapekua makala zinazohusu mitaa yetu. Wale vijana hawakuwa wanajua hayo maandishi huandikwa na watu wa kawaida, na kuna mmoja alikasirika sana kuona mtaa wa nyanyake umepewa sentensi mbili na nusu, tangu hiyo siku akawa ndiye wa kuitisha vitabu vya historia ya Nairobi kwa kila mgeni anayeingia.

Shida ndogo ndogo ziko. Saa zao ni za Accra, wakisema kikao ni saa nane mchana basi kwetu ni saa kumi na moja jioni, na wewe unajua saa kumi na moja jioni chumba kinakuwaje, watoto wametoka shule wamejaa mpaka sakafuni. Omba rekodi usikilize usiku ukiwa na bando. Na dedilaini ikiwa usiku wa manane wa Accra kwetu hiyo ni alfajiri ya siku inayofuata, lakini tafadhali usiwe yule mtu wa kupakia fomu saa nane usiku stima ikipotea. Kuwa mwanachama kamili kuna ada, sawa, lakini matangazo yao unaweza kupokea kwa imeli bila kulipa, anza na hiyo.

Ile faida ya watu nayo sikuitarajia kabisa. Nilipata marafiki Uganda, wenzetu wana chama chao cha maktaba za jamii tangu 2007, na wamepita njia tunayopita. Fomu ya kuazima vitabu tunayotumia sisi ilitoka kwa mama mmoja wa huko, mimi nilibadilisha tu. Yetu ya zamani ilikuwa inataka nambari ya kitambulisho cha mzazi, na wazazi wengine hawapendi kabisa kuandika kitambulisho mahali wasipopajua, wanafikiria ni mambo ya mkopo. Yake inaitisha jina la mtoto, shule, plot wanayoishi, na jina la jirani anayewajua. Vitabu vikaanza kurudi.

Kupitia hao hao watu ndio nilijua African Storybook, iko tangu 2014. Ni hadithi za watoto zenye picha, leseni yake inakuruhusu kuchapisha bila kuomba mtu ruhusa, na za Kiswahili zimo. Unachapisha kwa karatasi za kawaida, unakunja katikati, unapiga pini mbili kwa mgongo, jalada unalifunika na ile karatasi ya plastiki ya kufunikia vitabu vya shule. Watoto wa gredi ya kwanza wanavibeba mpaka vinachanika, na vikichanika hakuna machozi, unachapisha kingine. Kama una mtoto asiyeona kwa eneo lako, jua pia Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh 2017, unaoruhusu maktaba zilizokubaliwa kutengeneza nakala za nukta nundu na za kusikiliza na hata kubadilishana na nchi zingine. Peke yako hutaiweza hiyo, pitia kwa maktaba kubwa.

Sasa pesa. Nitakwambia kitu watu hawapendi kusikia: wafadhili karibu wote wanauliza maswali yale yale, na wengi wetu tunaanguka kwa yale maswali kabla hata ya kufika kwa wazo letu zuri. Umesajiliwa? Una akaunti ya benki kwa jina la kikundi? Wanakuja watu wangapi? Usajili si mgumu, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yako na katiba ya kikundi, muhtasari wa mkutano na orodha ya wanachama. Sheria ya vikundi vya jamii ni ya 2022, kwa hivyo ukipewa ushauri na mtu aliyesajili zamani, hakikisha kwanza kama bado uko sawa. Na tafadhali akaunti isiwe simu ya mwenyekiti. Najua M-Pesa ya mwenyekiti ndiyo rahisi lakini mfadhili akiona hivyo anafunga faili.

Hilo la watu wangapi ndilo linaua wengi. Ukiniuliza niache kazi zote za maktaba nibaki na moja, ningebaki na daftari. Letu ni daftari kubwa la jalada gumu, limefungwa na kamba kwa mguu wa meza ya mlangoni juu kalamu na daftari visipofungwa huenda. Kila ukurasa ni siku moja. Mistari imegawa wasichana, wavulana, watu wazima, na wale wa chini ya miaka sita. Mtoto akiingia anapiga kijistari mwenyewe chini ya kundi lake, cha tano anakilaza, na wale wadogo wanapenda hiyo kazi mpaka wengine hutoka nje warudi tena ndio wapige kingine, kwa hivyo lazima kuwe na mtu mkubwa hapo. Upande wa kulia tumeacha nafasi ya kuandika kile mtu alikuja kutafuta akakosa. Huo upande wa kulia ndio dhahabu. Hapo ndipo utaona watu wanauliza vitabu vya marudio vya KCSE, wanauliza mahali pa kuchaji simu, kina mama wanauliza kama kuna mtu wa kuwasaidia kujaza fomu kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Mwisho wa mwezi unajumlisha, unapiga picha, unatuma kwa imeli yako mwenyewe, ndio hata daftari likinyeshewa bado uko na kumbukumbu.

Tangazo likitoka lenye wiki mbili tu, wenye daftari wanajaza fomu jioni moja. Wasio nalo wanaandika "watoto wengi sana wanafaidika", na huyo anayesoma hizo fomu ameshakutana na hilo neno mpaka amechoka. Mimi nimewahi kuitwa kusaidia kuchambua maombi ya ruzuku ndogo, na maombi mengi yalikuwa na roho nzuri na hayana hata nambari moja.

Kuna pesa nyingine iko karibu na wewe kuliko Accra na hakuna mtu anaiangalia. Tangu Katiba ya 2010 maktaba ni kazi ya kaunti. Soma Jedwali la Nne utacheka, maktaba zimeandikwa kwa kundi moja na kasino, leseni za pombe na mashindano ya mbio. Lakini ndio sheria, na maana yake ni kwamba una haki ya kusimama kwa kikao cha wananchi cha bajeti ukauliza kata yenu imetengewa nini. Makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mpango wa maendeleo wa mwaka wa fedha unaofuata unapelekwa kufikia 1 Septemba. Watu huamka Mei wakati sahani zimeshaoshwa. Huo mpango wa Septemba ndio wa kuvizia, kitu kisipokuwa humo kukiingiza kwa bajeti baadaye ni vita. Nenda na nakala ya kurasa za daftari na barua ya ukurasa mmoja, omba kitu kimoja kidogo kinachopimika, viti ama rafu ama mshahara wa mtu mmoja, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Na kaunti inaweza kufanya kazi na watu wa nje ikitaka. Maktaba ya McMillan pale Banda Street katikati ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma, ni mali ya kaunti pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliingia makubaliano na kaunti kuzikarabati hizo tatu. Ukienda Kaloleni jioni uone watoto wamejaa utaelewa. Sikwambii utafute pesa kama zao, nakwambia uende uongee na wanaohudumu pale, wao hupata habari za nafasi mapema na si wachoyo. Maonyesho ya vitabu ya kila Septemba pale Sarit Centre, Nairobi, pia usikose, siku ya mwisho wachapishaji wengine hawataki kurudi na mzigo, hapo ndipo pa kuongea bei.

Kwa upande mwingine, ukiona tangazo la mkutano ng'ambo linasema umechaguliwa na unatakiwa kutuma ada kidogo ndio barua ya viza itolewe, achana nalo. Tangazo la kweli utalikuta kwa tovuti ya shirika lenyewe, na hawakutafuti usiku kwa WhatsApp wakikuita "mheshimiwa mkurugenzi".

Haya, yale maboksi. Kuna mwaka mfadhili mmoja alituletea mzigo kutoka nchi tajiri, tukapiga picha na bango, watu wakapiga makofi. Kufungua: miongozo ya kodi ya nchi yao, vitabu vya kompyuta za enzi ya diski za kuingiza, ensaiklopidia isiyokamilika herufi, na vitabu vya shule vya darasa ambalo hapa halipo. Boksi moja lilikuwa zima la kitabu kimoja tu, nakala kibao, kuhusu kuvua samaki kwenye barafu. Vya maana vilikuwepo, hadithi nzuri za watoto, lakini vilikaa chini kabisa na tulivifikia baada ya kulipa mkokoteni, kulipa vijana wa kubeba, na kutafuta mahali pa kuweka vile vingine, na vile vingine huwezi kutupa ovyo juu jirani akiona vitabu kwa takataka ataambia mtaa mzima. Kuna mashirika yanayofanya hii kazi vizuri, Book Aid International kwa mfano hutuma vitabu vipya na hupitia washirika wanaojulikana kama maktaba ya taifa.

Kwa hivyo mwandikie huyo msamaria wako kwa heshima, mshukuru, kisha umwombe orodha ya vitabu kabla havijafungwa, umri wa wasomaji, na mwaka wa kuchapishwa. Muulize wazi nani atalipa kutoa mzigo bandarini Mombasa, ada za forodha, siku za ghala zikizidi, na lori mpaka Kayole, na jibu liwe kwa maandishi. Akisema yeye analipa meli tu, piga hesabu na ajenti wa forodha kabla hujakubali, maana mzigo ukikwama pale jina kwa karatasi ni lako. Na muulize kama anaweza kugeuza hiyo pesa ya meli inunue vitabu hapa hapa mjini kwa orodha utakayompa kutoka upande wa kulia wa daftari. Wengi hawajawahi kuulizwa. Wawili niliowauliza mimi, mmoja alikubali na mwingine akanyamaza mpaka leo. Ukitaka ile barua tuliyotumia nitakutumia, badilisha majina tu.