Maswali na majibu: Olivia de Havilland na mkataba usioisha

Maswali ya safari hii yanamhusu mwigizaji wa filamu Olivia de Havilland, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1916 kwa wazazi Waingereza, akakulia Saratoga, California, na kufariki Paris Julai 2020 akiwa na miaka 104.

Aliingiaje Hollywood?

Kama mchezaji wa akiba. Mwaka 1934 Max Reinhardt, mwongozaji kutoka Austria, alikuwa akiandaa tamthilia ya Shakespeare, *A Midsummer Night's Dream*, kwenye uwanja wa Hollywood Bowl. Olivia, miaka 18, alikuwa akiba wa pili wa nafasi ya Hermia. Wawili waliomtangulia wakaondoka kwenda kwenye filamu, jukwaa likabaki kwake. Studio ya filamu ya Warner Bros. ikamsainisha kwa dola 200 kwa wiki. Mwaka 1935 wakamweka na mwigizaji Errol Flynn katika *Captain Blood*, watu wakawapenda, na wawili hao wakacheza pamoja filamu 8. Faida ya studio ikawa hasara yake: miaka ikapita akipewa nafasi ileile ya binti mrembo anayesubiri shujaa.

Nasikia alikuwa na mkataba wa miaka saba. Mbona ulikuwa hauishi?

Kwa sababu saa ya mkataba ilishikwa na studio. Mkataba wake mpya ulianza Mei 5, 1936, kwa wiki 52, na Warner walikuwa na hiari ya kuurefusha mara sita zaidi kwa wiki 52 kila mara. Hiari hiyo ni ya upande mmoja tu. Studio ikikuchoka, inakuacha mwisho wa mwaka. Wewe ukiichoka, huna pa kwenda.

Kisha kuna kifungu cha kusimamishwa, na hapo ndipo penye mtego. Ukikataa nafasi uliyopangiwa, mshahara unakatwa mpaka mwigizaji mwingine aimalize kazi hiyo, nawe huruhusiwi kuigiza kwingine. Muda huo wote haukuhesabiwa: ulihamishiwa mwisho wa mkataba. Kwa hiyo kadiri ulivyokuwa na msimamo, ndivyo kifungo kilivyorefuka. Miaka saba ilipotimia Mei 1943, Olivia aliambiwa bado anadaiwa karibu miezi 6.

Bette Davis alishindwa kesi kama hiyo. Yeye alishindaje?

Kesi hazikuwa sawa, ingawa watu huzichanganya. Mwaka 1936 Davis, mwigizaji mwenzake wa Warner, aliondoka katikati ya mkataba uliokuwa hai, akaenda Uingereza kufanya filamu na kampuni nyingine. Warner wakamfuata katika mahakama ya London, na huko swali likawa jepesi: umesaini au hukusaini?

Olivia alisubiri miaka saba ipite kwanza. Wakili wake, Martin Gang, akashika kifungu cha 2855 cha sheria ya kazi ya California, kinachosema mkataba wa kumtumikia mtu hauwezi kulazimishwa zaidi ya miaka saba tangu kazi ianze. Agosti 1943 wakaiomba mahakama itamke jambo moja tu, kwamba mkataba umekwisha. Warner walidai miaka saba ni ya kazi iliyofanywa kweli. Mahakama ikasema ni miaka ya kalenda, na kwamba mfanyakazi hawezi kuisaini haki hiyo iondoke. Alishinda Machi 1944, akashinda tena Mahakama ya Rufaa Desemba 8 mwaka huohuo, na Februari 1945 Mahakama Kuu Kabisa ya California ikakataa kuigusa hukumu.

Ushindi huo ulikuwa na bei. Jack Warner, mkuu wa studio, aliziandikia studio nyingine barua za kuzionya zisimpe kazi, naye akakaa nje ya kamera karibu miaka miwili. Muda huo alikuwa akitembelea askari majeruhi hospitalini.

Mimi ni msanii Dar es Salaam. Kifungu hicho kinanifaa?

Hapana, ni sheria ya California. Hata kule, tangu 1987 kampuni za muziki zinaweza kumdai msanii fidia ya albamu ambazo hakuzitoa. Lakini kabla hujasaini, soma sehemu mbili: nani mwenye hiari ya kurefusha mkataba, na ni jambo gani linasimamisha hesabu ya muda. Sehemu ya pili ndiyo inayorukwa na wengi.

Kama alikuwa wa Warner, *Gone with the Wind* aliipataje?

Kwa kuazimwa na Selznick, mtayarishaji wa filamu hiyo. Jack Warner alikataa, Olivia akamwalika chai Ann, mke wa Jack, na mama huyo ndiye aliyemlainisha mumewe. Mwongozaji George Cukor alipofukuzwa, Olivia na Vivien Leigh waliendelea kumwendea kwa siri awaelekeze, kila mmoja bila mwenzake kujua.

Aliigizaje kuzeeka?

Katika *To Each His Own* ya 1946, iliyompa Oscar ya kwanza, anaanza msichana na kumaliza mama wa makamo. Alibadilisha manukato kwa kila umri na kuishusha sauti hatua kwa hatua. Tazama na tukio la ngazi katika *The Heiress* ya 1949, iliyompa Oscar ya pili: mwongozaji William Wyler alijaza vitabu kwenye sanduku analobeba, maana uchovu wa sanduku tupu huonekana uongo. Kwa maoni yetu, anayetaka kuanza aanze na hiyo.

Ugomvi na mdogo wake ni kweli?

Ni kweli. Joan Fontaine alimshinda kwenye Oscar mwaka 1942, wakiwania tuzo moja. Walikata uhusiano kabisa baada ya mama yao kufariki mwaka 1975.

Je, alirudi tena mahakamani?

Ndiyo, Juni 30, 2017, siku moja kabla hajatimiza miaka 101. Aliishtaki FX, kituo cha televisheni cha Marekani, kwa kumtumia kama mhusika katika tamthilia ya televisheni bila ridhaa yake. Safari hii alishindwa: Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ya California ilisema uhuru wa kujieleza unailinda kazi ya namna hiyo, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani haikukubali kumsikiliza.