Tiketi ya mwendo kasi kwa mwenye CDL (leseni ya malori Marekani): usilipe kabla ya kupiga hesabu

Swali: Naendesha trela, CDL yangu ni ya Texas. Nimesimamishwa Indiana, polisi akaniandikia maili 81 mahali pa 65. Mwaka jana, nikiwa na lori hilohilo, nilipewa tiketi ya kufuata gari kwa karibu mno nikailipa. Wenzangu wananiambia nilipe tu mtandaoni yaishe, au niombe darasa la udereva ili tiketi ifutwe. Nifuate lipi?

Jibu: Usifuate hata moja. Kwa sheria ya shirikisho inayosimamia CDL, kulipa faini ni kutiwa hatiani, hata kama hukusimama mbele ya hakimu. Tiketi yako ya mwaka jana imeshahesabiwa hivyo.

Sasa piga hesabu. Kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi ni kosa zito. Wewe umeandikiwa 16. Kufuata gari kwa karibu nako kumo katika orodha hiyohiyo, pamoja na kubadili njia ovyo na kushika simu mkononi ukiendesha. Ukipatikana na makosa mazito mawili ndani ya miaka 3, unafungiwa kuendesha lori siku 60. Yakifika matatu, siku 120. Na jimbo haliruhusiwi kukupa kibali cha muda cha kuendesha lori katika kipindi hicho, hata ueleze una watoto wangapi na rejesho la lori linakudai kiasi gani. Kwa hiyo faini yenyewe ndiyo sehemu ndogo kabisa ya gharama ya tiketi hii.

Darasa la udereva linawafaa wenye leseni za kawaida. Kwa mwenye CDL, majimbo yamekatazwa kuficha au kuahirisha hukumu ya kosa la barabarani ili lisionekane kwenye rekodi, hata kosa likiwa limefanyika kwenye gari lako la nyumbani. Makatazo hayo hayagusi maegesho, uzito wa mzigo na ubovu wa gari. Wakili akikuahidi mpango wa kusubiri miezi kadhaa kisha tiketi ifutwe, mwulize kama anajua una CDL. Wengi hukwama hapo: mpango unakubaliwa, halafu unakataliwa karani akishaiona leseni.

Kinachoruhusiwa ni kupinga ushahidi, na mwendesha mashtaka kupunguza shtaka kwa sababu ushahidi wake una udhaifu. Kwako, tofauti kati ya 16 na 14 ndiyo kazi yako yote ya miezi miwili. Tiketi ikishuka hadi maili 79 mahali pa 65, bado utakuwa na kosa kwenye rekodi na bima itaiona, ila si kosa zito.

Ichukue tiketi uisome mstari kwa mstari. Kwenye barabara kuu za Interstate za Indiana nje ya miji, magari madogo yana 70, malori makubwa yana 65, na karibu na miji kikomo hushuka zaidi. Je, polisi ameandika kikomo kipi, na kwenye alama gani ya maili? Kama ameandika 70, umezidisha 11 tu, na wakili anapaswa kulijua hilo kabla ya kufungua mdomo. Angalia pia kama mwendo ulipimwa kwa rada, leza au kwa kukufuata nyuma. Kumbukumbu za ukaguzi wa kifaa huombwa kupitia mahakama.

Leo hii hifadhi video ya kamera ya kwenye kioo, kwa sababu nyingi hujifuta zenyewe baada ya muda mfupi. Omba kampuni ikutolee data ya GPS na ya mwendo wa injini ya dakika zile. Lakini mwonyeshe wakili kwanza: ikisema 83, hiyo haikusaidii.

Wakili mtafute wa kaunti iliyoandikwa kwenye tiketi, anayemfahamu mwendesha mashtaka wa pale. Chama cha mawakili cha jimbo hukuelekeza. Kama una mpango wa kulipia msaada wa kisheria kila mwezi, uliza nani hasa atasimama mahakamani. Uliza pia kama utahitajika kufika mwenyewe, na bei iandikwe. Kama unahitaji mkalimani aombwe mapema, na useme ni Kiswahili cha wapi. Mzungumzaji wa Bukavu na mkalimani wa Mombasa hupotezana kwenye maneno ya kisheria.

Tarehe ya mwisho iliyo kwenye tiketi usiikose. Ukinyamaza, unaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa na leseni ikasimamishwa, na hapo CDL inakwenda nayo.

Ukitiwa hatiani kwa kosa lolote la barabarani lisilo la maegesho, mjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30. Ukishinda au shtaka likibadilishwa, chukua nakala ya uamuzi yenye muhuri. Kama siku ile ulikaguliwa na ukapewa ripoti, ipeleke nakala hiyo kwenye DataQs, mfumo wa shirikisho wa kuomba rekodi za ukaguzi zirekebishwe. Mahakama ikifuta tiketi, ripoti ya ukaguzi haijirekebishi yenyewe, na kampuni zinazoajiri husoma ripoti hizo za miaka 3 iliyopita.