Jisajili NeST, ila fungua macho

Ndugu yangu, unauliza kama duka lako la vifaa vya ofisi lijisajili NeST, mfumo wa serikali ya Tanzania wa zabuni kwa mtandao, wakati "tenda zina wenyewe". Jisajili. Zamani bahasha ya zabuni ilikaa kwenye kabati la ofisi, na nani aliichungulia, Mungu ndiye ajuaye. NeST, iliyochukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS, mwaka 2023, huifunga zabuni mpaka saa ya ufunguzi ifike, kisha bei za washindani huonekana. Hata ukikosa, zisome vizuri. Utajua wapi ulizidisha.

Lakini masharti bado yanaandikwa na binadamu. Ukiona yameshonwa kama suti ya mtu mmoja, omba ufafanuzi humo humo kwenye mfumo kabla ya siku ya mwisho. Ukipokea notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani anakusudiwa kupewa zabuni, na hukuridhika, usikae kunung'unika kijiweni, maana siku za kulalamika ni chache: anza na afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi iliyotangaza zabuni, kisha PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni za umma.

Na tafadhali, nywila usimwachie kijana wa intaneti kafe, hata kama ndiye anayekujazia fomu.