Itazame Heat kabla hujaandika muvi yako ya wizi

Vijana wanaoandika skripti huku Eastlands, Nairobi, wana hamu kubwa ya muvi za wizi wa benki. Wakiniomba ushauri, huwaambia watafute Heat ya Michael Mann, iliyotoka mwaka 1995, waitazame yote, kisha tuketi tujadili ilipofaulu na ilipoteleza. Ni muvi ninayoipenda sana, na huwezi kujifunza kwa muvi unayoisifu tu. (Kama hujaitazama na hupendi kusimuliwa mwisho, rudi hapa baadaye.)

Al Pacino ni Vincent Hanna, mpelelezi wa polisi wa Los Angeles. Robert De Niro ni Neil McCauley, mkuu wa genge linaloiba kwa mpango. Mzizi wake ni kisa cha kweli: McCauley halisi aliuawa Chicago mwaka 1964 na mpelelezi Chuck Adamson, na kabla ya hapo wawili hao waliwahi kunywa kahawa pamoja. Adamson alimsimulia Mann, na ndipo ikapatikana ile sehemu ya mkahawani ambapo polisi na jambazi wanaongea kama watu wawili waliochoshwa na kazi moja.

Ushauri wangu wa kwanza: isikilize kwa sauti yake yenyewe. Wengi wetu tumekulia vibanda vya video, dijei akitutafsiria kila ngumi na kila risasi. Ule ni ufundi, na ndio uliowafanya watu wengi Nairobi wapende sinema. Lakini muvi hii inategemea ukimya, na simulizi ikipita juu yake ukimya unazama.

Chukua usiku ule genge linavunja ghala la madini ya thamani. Polisi wamejificha ndani ya lori upande wa pili, wakitazama kwenye skrini. McCauley amesimama nje analinda. Askari mmoja lorini anajisogeza kidogo, chuma kinagonga chuma. Basi. McCauley anatulia, anatazama lile lori, anaingia ndani na kuwaambia wenzake waache kila kitu waondoke. Hanna anawaacha waende, maana akiwakamata sasa kesi itakuwa ya kuvunja na kuingia tu, na yeye anawataka kwa makubwa zaidi. Hakuna risasi, hakuna anayekimbia, na bado mikono inakutoka jasho. Mwandishi anayetaka kujua namna ya kujenga wasiwasi aitazame sehemu hii hata mara kumi.

Sehemu ya benki inasifiwa na kila mtu, na inastahili. Mapigano yakifika barabarani muziki unakatika, milio ya bunduki inabaki ikigonga kuta za maghorofa. Waigizaji walifunzwa kutumia silaha, na inaonekana: risasi zinaisha, mtu anabadilisha magazini huku anasonga, mwenzake anamkinga. Mkiwa na simu tu, tumieni vipokea sauti vya masikioni.

Sasa kasoro. Muvi inakaribia saa tatu, na si dakika zote zinazolipa. Waingro, yule jambazi anayeua mlinzi bila sababu mwanzoni, anawaponyoka wenzake kwa sababu gari la polisi limepita na wakageuza macho. Genge linalopanga kila sekunde haliwezi kumpoteza mtu hivyo. Mwandishi alimhitaji hai kwa ajili ya mwisho, na mkono wake umeonekana. Kisha anamfanya pia muuaji wa wasichana, habari inayopita juu juu na isiyoongeza chochote.

Linaloniuma zaidi ni wanawake. Eady anakutana na McCauley, anampenda upesi, anagundua yeye ni nani, na bado anakubali kutoroka naye. Kwa nini? Hatuonyeshwi. Wake za hawa wanaume wanalia, wanangoja, wanagombana nao mlangoni, halafu kamera inarudi kazini na waume. Charlene, mmoja wa wake hao, anapata nafasi moja tu ya kuamua jambo, akiwa kwenye roshani anampungia mumewe ishara ndogo ya mkono ili asikaribie, na sehemu hiyo inashinda nusu ya milio ya bunduki. Kumbe Mann aliweza. Hakuwapa nafasi tu.

Ila kuna mtu mmoja ningependa kila mwandishi wa Nairobi amtazame kwa makini. Anaitwa Breedan, ameigizwa na Dennis Haysbert. Ametoka jela, amepewa kazi jikoni kwenye mkahawa, na bosi anamkata sehemu ya mshahara wake kwa sababu anajua hana pa kwenda. Mkewe anamtia moyo avumilie. Siku ya wizi genge linakosa dereva, McCauley anamkuta pale jikoni, na Breedan anakubali papo hapo. Muda mfupi baadaye amekufa, na mkewe anaona habari kwenye televisheni.

Anachukua dakika chache tu katika muvi nzima, lakini sisi tunamjua. Ni yule jirani aliyetoka jela ya Industrial Area au Kamiti, akaambiwa kila anapoomba kazi alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na cheti hicho ndicho kinachomfungia mlango. Nairobi Half Life, muvi ya Kenya ya mwaka 2012, ilitugusa kwa sababu hiyohiyo: kabla Mwas, kijana mhusika mkuu, hajaanza kuiba vipuri vya magari, tumeshamwona akiibiwa na kutupwa seli siku aliyofika mjini.

Kwa hiyo ukianza skripti yako, usianze na ramani ya benki. Anza na dereva. Jua kodi ya nyumba anadaiwa miezi mingapi, nani nyumbani anamwamini, na bosi wake humwitaje mbele ya wateja. Benki iingie ukurasa wa 40.